MJADALA: "Kilio na kusaga meno" anatishiwa nani hasa?

Mleta mada: Wakuu, mkutano wa injili haumaliziki uwanjani bila "kilio na kusaga meno", na wanaonyooshewa kidole ni walevi, makahaba na wasiosali. Haya, fungueni Mathayo. Maneno hayo yamo mara sita (Luka mara moja, 13:28). Nani anatupwa nje? 8:12 ni "wana wa ufalme", tena hapo akida wa Kirumi ndiye anayesifiwa imani. 22:13 ni mtu aliyekwisha kuingia arusini. 24:51 ni mtumwa aliyeachiwa nyumba akaanza kuwapiga wenzake. 25:30 ni aliyefukia talanta ya bwana wake. Watu wa ndani watupu! Mimi nasema onyo hili linamhusu kwanza aliyeshika kipaza sauti. Bisheni.

Mchangiaji 1: Mkuu, sura ya 13 umeiruka makusudi. 13:42 na 13:50 kuna tanuru ya moto, na wanaotupwa humo ni "watendao maasi" na "waovu". Sisi Wakatoliki tunafundishwa jehanamu ipo na haina mwisho. 25:46 inasema "adhabu ya milele", utaipeleka wapi?

Mleta mada: Mfano wa magugu (13:42) nakuachia, shamba lenyewe ni ulimwengu. Ila wale samaki wabovu wa mfano wa pili (13:50) walikuwa ndani ya juya, yaani wavu, moja na wazuri.

Mchangiaji 2: Msabato hapa. Zaburi 112:10, asiye haki "atasaga meno yake na kuyeyuka". Kilichoyeyuka kimekwisha, hakiendelei kuungua. Halafu Matendo 7:54, baraza lilimsagia Stefano meno. Nani alikuwa anateswa pale, kama si Stefano mwenyewe? Kusaga meno ni ghadhabu.

Mchangiaji 1: Ghadhabu sawa. Na kilio je?

Mchangiaji 3: Mnakesha na aya wakati mtaani neno limeshakuwa utani. Yanga ikifungwa na Simba, kilio na kusaga meno. Petroli ikipanda, hivyo hivyo. Nani ataogopa tena?

Mchangiaji 4: Utani hauna shida. Mimi nimelisikia msibani, mhubiri anamsomea marehemu, watoto wake wamekaa mbele pale.

Mleta mada: Duh! Alisoma andiko gani?

Mchangiaji 4: Hilo hilo la talanta. Marehemu alikuwa hajamaliza ahadi yake ya ujenzi wa kanisa.