Neno "rescue": lilikukuta wapi na ulilielewaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wanajamvi. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Kagera, na neno linalonisumbua darasani si gumu: "rescue". Wanafunzi wangu wanalijua kutoka kwenye yale magari mekundu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Shida huanza wakitunga sentensi. Sisi kuokoa kwetu kunabeba mengi. Unamwokoa mtu majini, kipa anaokoa mkwaju, unaokoa muda, unaokoa jahazi. Kiingereza kinayagawa. Wiki iliyopita nilisahihisha insha, kijana kaandika "The goalkeeper rescued the ball". Mpira haukuwa hatarini jamani! Kipa ni "save", akiba ya pesa ni "save", hata namba ya simu tunayosema "nisevie" imetoka hukohuko. "Rescue" inataka aliyekwisha kunaswa na hatari, na mtu mwingine amwendee kumtoa.

Mfano ninaoutumia ni wa hapa nyumbani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakatoka hai 24. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye akachukuliwa na jeshi hilohilo la uokoaji. "The fishermen rescued the passengers." Darasa zima linaelewa, hakuna anayeuliza. Nanyi, lilikukuteni wapi?

Dada wa Pangani
Mwalimu, mimi langu si la darasani. Kaka yetu alikuwa baharia nchi za nje, chombo chao kikapinduka. Siku mbili hatujui hili wala lile. Usiku wa pili, saa mbili kasoro, ukaingia ujumbe wa Kiingereza kwenye simu ya mama kutoka kwa wakala wake: "He was recovered this morning." Mimi ndiye niliyefika kidato cha nne, nikapewa simu nisome. Shuleni tulifundishwa "recover" ni kupona. Nikasema, mama, kaka amepona, tangu asubuhi.

Mama alisujudu palepale kwenye mkeka, hakungoja hata kujitanda vizuri. Jirani akaleta sahani ya kashata, watoto wakaamshwa wapewe habari. Tulilala tukicheka. Alfajiri akapiga simu mjomba aliyeko Tanga, naye ujumbe ulimfikia. Akauliza maiti inaletwa lini.

Nimelijua hilo neno kwa njia hiyo. Aliye hai wanasema "rescued". Mwili ukitolewa majini wanasema "recovered". Na sisi tunayo, wenzangu: kuokoa mtu, kuopoa mwili. Sikujua tu kwamba na wao wametenganisha. Ni miaka tisa sasa. Mama hajanilaumu hata siku moja, ila ujumbe wa Kiingereza ukiingia hanipi tena mimi kusoma.

Mkazi wa Kajiado
Pole sana dada, Mungu amlaze kaka pema.

Mimi niliwahi kufanya kazi katika kituo cha kuwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji na ndoa za utotoni. Kenya ina sheria ya kukataza ukeketaji tangu 2011, lakini kazi haijaisha. Vituo hivi kila mtu anaviita "rescue centre", hata akina mama wasiojua Kiingereza wanasema "ameenda reskyu". Tulikuwa na fomu ya kumpokea mtoto, na mstari mmoja uliandikwa "Rescued by". Wengi wanaletwa na chifu au mwalimu, tunajaza, tunaendelea.

Kuna mmoja wa miaka 13 alifika peke yake, miguu imechanika kwa miiba, shuka limelowa umande hadi kiunoni. Alitembea usiku kucha akifuata barabara kwa mbali asionekane. Alikuwa anajua kuandika, nikampa kalamu ajaze mwenyewe. Kwenye huo mstari akaandika jina lake. Nilitaka kumsahihisha, nikaacha. Kisarufi mwalimu atasema "rescue" inahitaji mtu mwingine, nami nakubali. Lakini tangu siku hiyo kila niliposoma ripoti zetu, "rescued girls" kurasa nzima, nilimkumbuka. Kwa mtoto kama yule ningeandika "escaped". Alijitoa mwenyewe, ile heshima ni yake.

Kijana wa Nairobi
Langu ni fupi. Kwetu ukisema "I am saved" hakuna asiyeelewa kwamba umeokoka. Nilimwambia hivyo mgeni wa kazini kutoka Uingereza, akashtuka, akaniuliza ni ajali gani iliyonipata. Nilimweleza habari ya wokovu tangu mwanzo, akasikiliza vizuri. Nikajua kumbe neno ni lao, ila maana ile tumeikuza huku.

Nahodha wa Nungwi
Na mtu anayezama hapigi kelele "rescue", wenzangu. Mgeni akielemewa na maji atasema "Help!" mara moja, pengine hata hiyo asiipate, utaona mikono tu na mdomo unaomeza maji. Vijana wangu nawafundisha hivyo: msingoje neno, tazameni kichwa. Laifu jaketi kwanza, Kiingereza baadaye.

Mwanzisha mada
Nahodha, asante, hilo nitalisema darasani. Mkazi wa Kajiado, sikusahihishi, na nitaongeza "escaped".

Dada wa Pangani, nimesoma mara tatu. Neno ulilisoma kama tulivyokufundisha sisi walimu, kwa maana moja tu. Ukiniruhusu, Jumatatu nitaandika ubaoni sentensi mbili, moja ina "rescued" na nyingine "recovered", kisha niwaulize wanafunzi ni yupi kati ya hawa wawili anarudi nyumbani kwa mama yake. Jina lako na la kaka sitalitaja.

Dada wa Pangani
Waandikie, mwalimu. Waandikie kwa herufi kubwa.