Naomba ushauri: babu wa babu yake mama mkwe alikuwa nani?

Mkwe wa Norfolk:
Wakuu, heshima kwenu. Nimeolewa huku Norfolk, mashariki mwa Uingereza, mwaka wa kumi na moja sasa. Mama mkwe anatimiza miaka 80 mwezi wa tano na ameomba zawadi moja tu: ajue ukoo wa baba yake ulianzia wapi. Mume wangu na makaratasi ni maji na mafuta, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi.

Nilipofika: babu yake alizaliwa 1866, cheti ninacho. Baba wa huyo babu, nimwite William, alioa 1852, na cheti cha ndoa kinasema baba yake ni Robert, kibarua wa shamba. Nikafungua kitabu cha ubatizo cha parokia, 1829. William yupo, mama yupo, baba hakuna. Kwenye safu ya kazi ya mzazi kasisi kaandika "mwanamke asiye na mume". Sasa Robert katoka wapi? Au nimeshika William siye?

Mzee wa Makabrasha:
Dada, cheti cha ndoa si msahafu. Baba anayeandikwa pale ni yule ambaye bwana harusi alimtaja mwenyewe, hakuna aliyemdai ushahidi. Mtu asiye na baba aliona haya kusema hivyo mbele ya wakwe. Nikuulize: sensa ya 1841 William anaishi na nani?

Mkwe wa Norfolk:
Yupo na wazee wawili, Robert 65 na Mary 65. Sensa ile haisemi nani ni nani kwa nani, nikawaruka kwa sababu ya umri. Subiri kwanza... ROBERT!

Mzee wa Makabrasha:
Ndiyo huyo. Babu mzaa mama, ndiye aliyemlea. Na hiyo 65 usiishike sana, watu wazima walipunguziwa umri hadi tano ya karibu, anaweza kuwa na 69.

Chapa Kazi:
Dada, Wazungu wana watu wao wa kuwatafutia. Ukoo wenu wa Kilosa umeshauandika?

Mkwe wa Norfolk:
Huko namhoji shangazi WhatsApp kila Jumapili, tumefika kizazi cha saba bila karatasi hata moja. Huku karatasi tele, wa kusimulia ndio hawapo. Tuendelee jamani, baba halisi nampataje?

Mzee wa Makabrasha:
Bahati yako kazaliwa kabla ya sheria ya maskini ya 1834. Enzi hizo mtoto wa hivyo akikosa matunzo alikuwa mzigo wa parokia, analishwa kwa kodi ya walioshika mashamba na nyumba, na hao hawakuwa watu wa kutoa hela kimyakimya. Wasimamizi wa maskini wakimpeleka binti mbele ya mahakimu wawili aape na kumtaja aliyempa mimba, kisha jamaa anabanwa alipe. Ustawi wa jamii, ila bila huruma. Makaratasi hayo yalikaa kwenye sanduku la kanisa, siku hizi yaliyosalia yatafute kwenye ofisi ya nyaraka za kaunti. Kwako ni Norwich. Usibebe kalamu ya wino, ni penseli tu.

Shemeji wa Leeds:
William hana jina la katikati? Akina mama wengi walilificha humo jina la ukoo wa baba.

Mkwe wa Norfolk:
Analo, na kweli ni la ukoo! Tena kuna mkulima mkubwa mwenye jina hilo kwenye ramani ya zaka, ile ya malipo ya mashamba kwa kanisa, ya miaka ya 1840. Kakodi mashamba mpaka nyuma ya nyumba ya akina Robert.

Mzee wa Makabrasha:
Polepole. Mkulima huyo ana kaka, ana wapwa, na jina lenyewe huenda limejaa wilaya nzima. Usimbambikie mtu mimba kwa sababu ya ramani.

Mkwe wa Norfolk:
MREJESHO: Nilienda Alhamisi. Furushi zima la wasimamizi wa maskini limefungwa utepe mweupe. Nimekaa saa tatu nasoma risiti za viatu na makaa ya mawe, nikakaribia kukata tamaa. Ikaja karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Ni mama yake William, mtumishi wa ndani, amemtaja mtu mwenye lile jina la ukoo. Siyo mkulima! Ni fundi magurudumu wa parokia ya jirani, kaamriwa shilingi 1 na peni 6 kwa wiki. Mzee, shikamoo, umeniokoa na aibu.

Chini binti katia X badala ya sahihi. Mstari mmoja wino umetawanyika, kama alikandamiza kalamu.

Niliruhusiwa kupiga picha, jana nikamwonyesha mama mkwe. Habari za fundi hakuuliza. Ameuliza kama ile X inaweza kuwekwa kwenye fremu.