Re: Re: Mandat ya sigara na karta pobytu

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. Jana jioni hapa Poland nimeandikiwa mandat (faini) ya zloti 50 kwa kuvuta sigara kituo cha basi. Nilisimama hatua tatu nje ya kibanda. Pembeni yangu bibi wa miaka sabini hivi, mfuko wa kabichi mkononi, anapuliza zake, wala hakuguswa. Ombi la karta pobytu (kibali cha kukaa) nimepeleka, stempel ya kupokelewa ninayo tangu Machi, alama za vidole nimeshatoa. Je, hiyo mandat inaingia kwenye faili la karta? Na jamani, mama asisikie.

Wa Poznań: Pole dada. Vituoni marufuku tangu tuingie EU 2004. PESEL, namba ya utambulisho, walikuomba?

Mama Zuu: 2004 ya wapi? Ni 15 Novemba 2010, na faini inafika zloti 500. Mwaka huo nilikuwa baa nikiosha glasi, narudi nyumbani nywele zinanuka kama nimelala kwenye tanuri la mkaa. Usiandike usichokijua. Halafu wewe Mwanaidi, umeanza lini?

Mwanaidi: Baridi ya kwanza, Mama. Ghalani wavutaji ndio wenye mapumziko. Wasichana wote wanatoka nje, mimi nabaki na maboksi. Kwetu ningeshaitwa malaya, hapa hakuna hata anayegeuka. Lakini swali langu…

Mzee wa Łódź: Marahaba mwanangu. Nilifika Łódź 1981 kusoma lugha, sigara zilikuwa kwa kartki, kuponi za mgao, kama nyama. Mimi sivuti, basi zangu nilibadilisha sukari. Wanaume wawili kati ya watatu walivuta, na mwanamke mmoja kati ya watatu. Kwa Warusi haikuwa hivyo: mwanaume alivuta, mwanamke akivuta ilikuwa aibu. Sovieti ilipovunjika 1991 makampuni ya nje yakaja na sigara nyembamba za kike na matangazo kila ukuta, ndipo wanawake wakaanza kwa wingi. R.J. Reynolds, mmoja wa hao hao, wakachukua TCC yetu, kampuni ya sigara Tanzania, 1995. Tuliuza…

Wa Poznań: Mzee, ubinafsishaji tena? Hatulali leo.

Mama Zuu: Mwacheni aseme. Baba yangu alilima tumbaku Urambo. Kuni tunakata sisi, usiku tunaamka kuchochea moto wa bani la kukaushia, bei anapanga mwingine. Hakuvuta hata moja maisha yake yote. Lakini jani likianza kuiva, ile harufu tamu… Juzi kwenye tramu kijana kafungua pakiti ya tumbaku ya kusokota, nikapitiliza vituo viwili.

Mwanaidi: Pole Mama. Jumatatu naenda ofisi ya karta, mwenzenu nahitaji jibu. Askari alishika pakiti yangu ya SM, sigara za mentoli za nyumbani, akaigeuzageuza kama kaona pembe ya ndovu.

Mama Zuu: Sigara za mentoli haziuzwi EU nzima tangu Mei 2020, ulitaka asishangae?

Wa Poznań: SM ya Dar? Zimebaki ngapi?