Ushauri: nihamishie mgahawa wangu NewBo, karibu na katikati ya Cedar Rapids, au nibaki nilipo?

Mama_Furaha

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wenu katika jambo la biashara linalonikosesha usingizi, na ningependa zaidi kuwasikia mnaoishi katika miji ya wastani ya Kati-Magharibi ya Marekani, kwa sababu mambo ya miji yetu hii si mambo ya Chicago.

Ninaishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, mji wenye wakazi wapatao 137,000. Nina mgahawa mdogo upande wa kusini-magharibi, katika safu ya maduka iliyo jirani na maghorofa wanakoishi Wakongomani na Warundi wengi. Wanaotoka zamu ya usiku viwandani hupitia kwangu alfajiri kupata chai na mandazi, na mwisho wa juma huagizwa pilau na sambusa za harusi na misiba. Pango ninalimudu. Tatizo ni kwamba biashara imefika mwisho wa uwezo wake: wateja ni wale wale, na mgeni hana sababu ya kupita mtaani kwetu.

Sasa mwenye jengo jipya huko NewBo amenipa ofa ya fremu ya chini kwa mkataba wa miaka 5. Kwa wasioujua mji huu, NewBo ni New Bohemia, mtaa wa zamani wa wahamiaji wa Kicheki ulio kando ya mto Cedar, kusini-mashariki tu ya katikati ya mji. Mafuriko ya Juni 2008, ambapo mto ulipanda hadi futi 31.12 ilhali rekodi ya zamani ilikuwa futi 20, yaliuzamisha mtaa huo pamoja na sehemu kubwa ya katikati ya mji. Baada ya hapo watu walijenga upya kwa bidii ninayoiheshimu sana. Soko la NewBo City Market lilifunguliwa Oktoba 2012 katika jengo la zamani la viwanda. Ng'ambo ya mto, jengo zima la Makumbusho ya Taifa ya Wacheki na Waslovakia lilisogezwa futi 480 na kuinuliwa futi 11, likafunguliwa tena mwaka huo huo wa 2012. Maktaba mpya ya mji ikafuata mwaka 2013. Leo ukifika NewBo Jumamosi ya kiangazi, pa kuegesha gari ni pa kutafuta.

Fremu yenyewe nimeingia kuiona. Ingali pagale: chini ni kokoto, mabomba yamechomoza ukutani yakiwa yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki, dari hakuna, na njia ya kutolea moshi wa jikoni haijawekwa. Kodi ni takriban mara mbili ya ninayolipa sasa, na kwenye rasimu ya mkataba kuna herufi NNN ambazo sizielewi. Mwenye jengo anataka pia dhamana yangu binafsi, yaani biashara ikishindwa kulipa nilipe mimi mwenyewe. Mume wangu anasema tusiguse kabisa. Mimi ninatamani chakula chetu kipatikane mahali ambapo mji wote unakutana, si pembeni tu. Mngekuwa ninyi, mngefanyaje?

Kondakta_DSM

Dada, hongera kwa kufika hapo. Niko Des Moines, saa mbili kwa gari kutoka kwako, na nimefanya kazi katikati ya mji wetu kwa muda mrefu. Katikati ya mji ikipendeza kwa macho, haina maana kwamba miguu ya watu inapita mbele ya mlango wako. Hapa kwetu kuna njia za juu zilizofunikwa, kama maili 4 hivi, zinazounganisha maghorofa ya ofisi. Majira ya baridi mfanyakazi anaweza kutoka ofisini, akala na akarudi bila kukanyaga barabara, na mwenye mgahawa wa chini akabaki anamtazama akipita juu ya kichwa chake. Kisha likaja la kufanya kazi nyumbani. Benki ya Wells Fargo nayo ilipotangaza kuwahamisha wafanyakazi wake wa katikati ya mji kwenda West Des Moines, waliotegemea chakula cha mchana cha watu wa ofisini walielewa mara moja maana yake.

NewBo ina nafuu kwa kuwa watu wanalala pale, si kufanya kazi tu. Hata hivyo, Jumamosi ya kiangazi isikuamulie. Nenda Jumanne ya Februari, saa sita mchana na tena saa moja jioni, usimame mbele ya fremu hiyo uhesabu wanaopita. Wakati huo ndio utakaokulipia kodi au kukushinda.

FundiSeif

Mama Furaha, nitasema kuhusu hilo pagale, kwa kuwa kazi yangu ni ujenzi wa ndani wa migahawa hapa Ohio. Watu huangalia kodi ya mwezi na kusahau kwamba jiko la biashara ndilo linalomeza mtaji. Unahitaji kofia ya kufyonza moshi na bomba lake hadi juu ya paa, mfumo wa kuzima moto ulio ndani ya kofia hiyo, na mtego wa mafuta kabla maji machafu hayajaingia kwenye bomba la mji. Katika jengo lenye makazi ghorofa za juu, bomba la moshi linapaswa kupita kwenye mkondo wake maalumu unaostahimili moto. Kama mwenye jengo hakuuacha tangu kwenye ramani, kuutoboa baadaye ni gharama ya kutisha. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza, na akijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka.

La pili, mchango wake katika matengenezo uandikwe kwa kila futi ya mraba, na uandikwe utalipwa lini. La tatu, kodi ianze siku mgahawa unapofunguliwa, isianze siku ya kutia saini, kwa sababu vibali na ukaguzi vinaweza kula miezi. Nimeona mama mmoja wa Kisomali akilipa kodi ya chumba chenye vumbi tupu hadi akiba yake ikakatika kabla hajauza hata kikombe cha chai. Iliniuma sana, maana alikuwa mpishi hodari kuliko wengi waliofanikiwa.

Mzee_wa_Uvira

Mwanangu, mimi niko Grand Rapids, Michigan, na Wakongomani tuko wengi hapa. Sioni kwa nini uchague kati ya yote na hakuna. Kwetu kuna Downtown Market, soko lililofunguliwa mwaka 2013, na ndani yake lipo jiko la kukodisha kwa ajili ya wanaoanza biashara za chakula, ili mtu ajaribu soko kabla ya kujifunga. Hilo NewBo City Market ulilolitaja nalo lina vibanda vya wafanyabiashara wadogo. Chukua kibanda. Pikia jikoni kwako kusini-magharibi, peleka sambusa, mandazi na kachumbari, wali na nyama ya kuchoma siku za watu wengi. Ukiona Wamarekani wanarudi mara ya pili na ya tatu, hapo una hoja ya kumpelekea mwenye jengo, na yeye ndiye atakayekubembeleza.

Na usiwaache wa zamu ya usiku. Hao ndio waliokulea.

Mama_Furaha

Ninawashukuru sana. FundiSeif, swali la mkondo wa moshi sikuwa nalo kabisa, nimeliandika. Mzee wangu, shikamoo. Wazo la kibanda nalitafakari, ila ninahofia kwamba nikisubiri, fremu zote zitakwenda kwa wengine, kama ilivyo kawaida yetu kufika meza ikishafutwa. Kuna jambo jingine: nimesikia jengo hilo limepata msaada wa kodi ya majengo kutoka kwa mji. Je, hilo linanihusu mimi mpangaji?

Karani_wa_Hesabu

Dada Furaha, linakuhusu kuliko unavyodhani, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Miji ya Iowa hutumia sana utaratibu unaoitwa TIF. Kiwanja kitupu kina thamani ndogo na hulipa kodi ndogo ya majengo. Jengo likisimama, thamani inapanda na kodi inapanda. Ongezeko hilo la kodi, badala ya kwenda kwenye mifuko ya kawaida, hutengwa kwa ajili ya maendeleo ya eneo husika, na mara nyingi sehemu yake hurudishwa kwa mjenzi kwa miaka kadhaa kama makubaliano yalivyoandikwa. Herufi NNN zina maana kwamba juu ya pango wewe unalipa fungu lako la kodi ya majengo, bima ya jengo na matunzo. Sasa ziunganishe habari hizi mbili. Mwenye jengo analipa kodi kamili, anakudai fungu lako la kodi hiyo kamili, kisha mji unamrudishia yeye sehemu ya alicholipa. Mkataba usipotamka lolote, marejesho yale ni yake peke yake, ilhali baadhi ya fedha zilitoka mfukoni mwako.

Aina nyingine ya msaada ni msamaha wa kodi wa miaka michache. Hapo fungu lako litakuwa dogo mwanzoni, kisha litaruka msamaha ukiisha, pengine katikati ya mkataba wako wa miaka 5.

Makubaliano kati ya mji na mjenzi huidhinishwa na baraza la mji na ni waraka wa umma. Nenda ofisi ya karani wa mji, taja anwani ya jengo, omba nakala. Hakuna atakayekuuliza unataka ya nini. Ukishayasoma, omba mambo mawili kwenye mkataba: upate sehemu yako ya marejesho, na nyongeza za NNN ziwekewe kikomo cha kupanda kwa mwaka. Dhamana binafsi nayo omba ipungue kila mwaka unaolipa vizuri hadi iishe. Wenye migahawa hapa huambizana kwamba pango pamoja na nyongeza zake visizidi asilimia 10 ya mauzo. Piga hesabu hiyo kwa mauzo ya Februari. Na mlipe wakili wa mikataba ya pango asome kila ukurasa.

Nasra_Dayton

Mama Furaha, hofu zote zilizotajwa ni za kweli, lakini mimi nakuambia nenda, ilimradi masharti yarekebishwe. Hapa Dayton, Ohio, tuna jengo kubwa la Arcade lenye kuba la kioo, lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, ambalo lilifungwa mwaka 1991 na kukaa kimya kwa miaka 30 hadi lilipoanza kufunguliwa tena 2021. Mji huu ulikuwa umeshampoteza mwajiri wake mkubwa, NCR, aliyehamia Georgia mwaka 2009, na wengi waliapa kwamba katikati ya mji haitarudi. Inarudi, polepole. Katika siku hizi za mwanzo mwenye jengo anamhitaji mpangaji wa kumchangamshia mahali, kwa hiyo mtu mdogo anasikilizwa. Kwenu huko serikali ya jimbo imetoa leseni ya kasino mwaka 2025 baada ya kuikataa mara mbili. Mimi sipendi kasino, lakini fedha zinazomiminwa karibu na mto zitazipandisha kodi za fremu. Ukienda baada ya hapo utakuta bei si ya watu kama sisi.

Mama_Furaha

Nimesoma majibu yote pamoja na mume wangu. Kesho nitakwenda kwa karani wa mji kuomba waraka ule, na nitamwandikia mwenye jengo kuhusu mkondo wa moshi, siku ya kuanza kulipa pango na dhamana. Akikataa haya, nitaomba kibanda sokoni msimu ujao, na mgahawa wangu wa sasa sitaufunga kwa vyovyote. Swali la mwisho: bima ya jengo ninayochangia kupitia NNN, inanilinda mto ukifurika?

Karani_wa_Hesabu

Hapana, dada. Hiyo ni bima ya mwenye jengo, na hata yeye mafuriko hukatiwa bima yake ya pekee. Majiko, majokofu na meza zako uzikatie mwenyewe; mpango wa taifa wa bima ya mafuriko hulipa hadi dola 500,000 kwa mali iliyo ndani ya biashara, lakini haufidii mauzo utakayokosa ukiwa umefunga. Kuta na mageti ya mto kwenu bado vinajengwa. Septemba 2016 maji yalipanda tena hadi karibu futi 22, na kuta za muda zilizojazwa mchanga ndizo zilizosaidia. Kwa kawaida bima hiyo huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuilipia, kwa hiyo iombe kabla hujaingiza jokofu la kwanza.