Tupeane uzoefu: jambo gani la mvinyo ulilijua kwa kuliona mwenyewe?

Mhudumu wa Casuarina
Salamu ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa tisa nikihudumia meza hapa Malindi. Waitaliano wameuzoea mji wetu tangu miaka ya 1960, walipoweka kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco pale Ngomeni, kwa hivyo chupa za mvinyo tumezizoea nasi. Ila wengi wetu tunamimina tu. Naomba kila mmoja alete jambo moja aliloliona kwa macho yake. Naanza mimi.

Wiki yangu ya pili kazini, mteja alionja tone moja akarudisha chupa. Nikamdhania anatafuta njia ya kutolipa. Mpishi wetu, mzee wa makamo, akaniita jikoni akaninusisha ile glasi. Ilinuka katoni iliyonyeshewa ikakaukia ndani ya stoo. Akanieleza kwamba tatizo ni kizibo: kuna kemikali iitwayo TCA ambayo huingia kwenye koki, ile inayotengenezewa kizibo, na kuua harufu yote ya matunda. Haimdhuru mtu, lakini mvinyo umeshakwisha. Koki yenyewe ni gome la mwaloni. Mti haukatwi, unabanduliwa gome kila baada ya miaka 9 hivi, na karibu nusu ya koki yote ya dunia hutoka Ureno.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mteja humiminiwa kidogo kwanza. Haulizwi kama ameupenda, anaulizwa kama ni mzima.

Binti Watamu
Kaka, mimi nilibishana na shangazi yangu nusu siku kwamba mvinyo mweupe hutoka kwa zabibu nyeupe peke yake. Mwishowe tukanunua zabibu nyeusi sokoni, nikamenya moja kwa kucha. Ndani nyeupe! Nikaikamua kwenye kijiko, maji yake hayana hata chembe ya wekundu. Rangi yote iko kwenye ganda. Wakitaka mvinyo mwekundu huacha maji na maganda yakae pamoja. Wakitaka mweupe huyatenganisha mapema. Champagne, ule mvinyo wa Kifaransa wenye mapovu, nyingi hutiwa zabibu nyeusi za Pinot Noir, na bado inatoka na rangi ya dhahabu. Jaribuni nyumbani, inachukua dakika moja.

Mgema wa Ganda
Wanangu, msiusahau mvinyo wa kwetu. Napanda mnazi asubuhi na jioni. Nakata ncha ya karara kipande chembamba kama ukucha, kisha nafunga kibuyu, utomvu unadondoka tone kwa tone. Hamira sitii. Iko hewani na imo kibuyuni tangu jana. Kwa hivyo tembo huanza kuchacha kabla sijalishusha. La asubuhi ni tamu, mtu asiyezoea anaweza kulinywa kama soda. La jioni limekolea. Ukililaza siku mbili tatu linaelekea kuwa siki. Mgeni mmoja aliyelima zabibu kwao aliniambia hata wao, wale wa njia ya zamani, huachia hamira ya shambani ifanye kazi, ila wao husubiri siku nyingi. Tukaelewana vizuri sana, yeye na mimi, kwa mikono tu.

Mtunza Nyumba, Shela
Assalaam aleikum kutoka Lamu. Mimi situmii, dini yangu hainiruhusu, lakini naangalia nyumba ya wageni na wengi huja na chupa zao. Wakati wa kaskazi mgeni mmoja aliacha katoni ya chupa 6 darini, chini ya makuti. Siku ya tatu nikapanda kufagia nikakuta vizibo viwili vimejisukuma juu ya mdomo wa chupa na mvinyo umechuruzika mpaka kwenye lebo. Joto limeutanua ukakosa pa kwenda. Mgeni alipoonja akasema una ladha ya jemu iliyoungua.

Tangu hapo chupa za wageni naziweka chini ya ngazi, pale ukuta wa mawe ulipo mnene na jua halifiki. Nazilaza ili kizibo kisikauke kikaingiza hewa. Zile za kifuniko cha kuzungusha nazisimamisha, hazina haja ya kulala. Na msizidharau: kifuniko hicho hakimaanishi mvinyo wa bei ya chini.

Dereva wa Masafa
Kwa ufupi. Nilifika Dodoma mwezi wa Machi, zabibu zinavunwa. Nikarudi Agosti, zinavunwa tena. Ulaya ni mara moja kwa mwaka kwa sababu baridi huulaza mzabibu. Kwa majirani zetu haulali.

Binti Watamu
Mhudumu, swali: kwa nini chupa ya Champagne ni nzito hivyo?

Mhudumu wa Casuarina
Kwa ajili ya msukumo wa gesi ya yale mapovu ndani, dada. Unafika kama mara 6 ya ule wa hewa tunayovuta, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Nimeona kizibo kikipasua taa ya dari. Usivute kizibo: kishike imara, zungusha chupa, elekeza mdomo mbali na watu.

Na wewe mzee wa Ganda, kesho sina zamu. Nitafika alfajiri kabla hujapanda, nionje la asubuhi. La jioni nitalingojea huko huko chini ya mnazi.