Tupeane uzoefu: ndege ya jeshi, mabomu au treni. Ajali kubwa ilipotokea jirani na kwenu, uliona nini?

Mwenyeji wa Area D:
Mbukwenyi wakuu. Sisi wa Dodoma uwanja wa ndege uko katikati ya mji, ndege ikishuka unaona kama inataka kutua bafuni kwako. Juzi usiku kulitokea kishindo, mtaa mzima tukatoka nje na mashuka, kumbe lori limepasua tairi. Nawaomba waliokuwepo ajali ikitokea. Wa "nilitumiwa video" wasubiri kwanza.

Msukuma wa Kisasa:
Februari 2015 nilikuwa Mwanza, upande wa Ilemela, ile ndege ya kivita ya JWTZ ilipoanguka pale uwanjani. Rubani alinusurika. Mimi niliona moshi mweusi tu. Kilichonishangaza ni watu kuukimbilia badala ya kuukimbia. Bodaboda wakaanza kupakia watazamaji, na nauli ikapanda hapo hapo! Wanajeshi wakafunga njia, tukarudi.

Mjukuu wa Igandu:
Yetu ni treni, Juni 24, 2002. Wa umri wangu mnaikumbuka. Treni ya abiria kutoka Dar ilishapita Igandu, kijijini kwetu huku mkoani Dodoma, ikashindwa kupanda mlima, ikaanza kurudi kinyumenyume hadi ikaivaa treni ya mizigo iliyokuwa nyuma. Watu 281 walikufa.

Nilikuwa mtoto wa shule. Wakubwa walikimbia na walichonacho: mashoka, majembe, kamba za kufungia ng'ombe. Mjomba alipasua dirisha la behewa kwa shoka la kukatia kuni, akawa anavuta watu, wengine wazima, wengine wameshakata roho. Bibi alitoa kanga zake zote, hata ile ya kuendea kanisani, na hakuna iliyorudi. Akina mama walibeba maji kwa ndoo, na mnajua maji kwetu mwezi wa sita yanavyotafutwa.

Kuna jambo ambalo kijijini hatulisemi kwa sauti. Wapo waliookota mabegi wakaenda nayo kwao. Tunawajua. Na wapo waliokesha kulinda mizigo ya watu wasiowajua. Siku ile ile, reli ile ile.

Miili ilipelekwa mjini. Ambao hawakutambuliwa walizikwa makaburi ya Maili Mbili, hapo Dodoma.

Mwenyeji wa Area D:
Pole sana mkuu. Na mjomba?

Mjukuu wa Igandu:
Yupo. Ila treni hapandi, hata hii ya umeme. Akija Dodoma ni basi, na anakaa karibu na mlango.

Fundi mstaafu:
Niliwahi kufanya kazi kwenye ndege, basi vijana nisikilizeni. Ndege ya kivita ikianguka, msiokote chuma mkidhani ni cha kuuza kwa kilo. Kiti cha rubani kina baruti ya kumrusha nje, na huenda bado haijalipuka. Ikiwa imebeba silaha ndiyo balaa zaidi. Zile za kisasa zina maungo ya nyuzi za kaboni, yakiungua vumbi lake linachoma mapafu, kwa hiyo simameni upande upepo unakotokea. Halafu kila kipande ni ushahidi: ukikihamisha, wachunguzi wanapotea njia.

Mama Wawili:
Shikamoo mzee. Mimi nilikuwa Gongo la Mboto, Dar, Februari 16, 2011, mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka usiku. Nilibeba mtoto mmoja mgongoni, mwingine nikamshika mkono, tukatembea na umati bila kujua tunaelekea wapi. Watu wengi waliishia Uwanja wa Uhuru. Tuliporudi nyumbani bati lilikuwa limetoboka, na uani kuna kipande cha chuma. Mume wangu alitaka kukitupa jalalani. Nilimshika shati! Tukaita wanajeshi, wakakichukua.

Mwenyeji wa Area D:
Marahaba anaitikia mzee mwenyewe, ila mama hapo uliokoa nyumba. Wa Mpwapwa na Kilosa mliokuwa karibu na reli, tunawasubiri.

Fundi mstaafu:
Marahaba mwanangu. Na huyo mume mwambie alikuwa na bahati ya shati.