Mtoto aliyeugua ukambi, sindano ya miezi 18 ni ya nini tena?

mhudumu_kayole

Habari zenu. Naomba msaada wa wanaoijua kazi ya chanjo. Sisi wahudumu wa afya ya jamii tunaozunguka nyumba kwa nyumba hapa Kayole tunarudishiwa hoja zile zile kila tukiomba kuona kitabu cha kliniki.

Ya kwanza: mtoto alichomwa sindano ya miezi 9, halafu akaugua ukambi. Hiyo chanjo ilifanya kazi gani? Ya pili: ameshaugua na kupona, ana kinga yake ya asili, kwa nini achomwe tena akifika miezi 18? Ya tatu ndiyo inayonishinda: wakati wa korona tuliambiwa dozi mbili, ikaja ya nyongeza, kisha nyingine juu yake. Nani amesema huu ukambi nao hautafuata njia hiyo?

Naomba maneno ninayoweza kuyasema mlangoni, mama akiwa na mtoto mgongoni na sufuria iko motoni. "Wataalamu wamesema" haisaidii.

---

sista_wa_chanjo

Ndugu mhudumu, hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, usiipinge. Sindano ya miezi 9 inashika kwa watoto kama 85 katika kila 100. Wale 15 wanatoka kliniki tarehe imeandikwa kitabuni lakini mwili haujajifunza kitu. Sababu kubwa ni kinga waliyozaliwa nayo kutoka kwa mama. Kwa baadhi yao bado haijaisha, inavimaliza virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujavitambua. Tukingoja mwaka mmoja utimie, chanjo ingeshika kwa 95 hivi. Lakini mahali ukambi unapozunguka, hiyo miezi mitatu ya kungoja ni hatari mno kwa mtoto mchanga kiasi hicho. Ratiba yetu ikaamua kumkinga mapema, kisha kumrudia kwa miezi 18.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu waache kuiita "busta". Sindano ya pili inawafuata wale 15 ambao ya kwanza haikuwashika. Kwa macho huwezi kuwatofautisha na wengine, kwa hiyo wanachomwa wote. Baada ya dozi mbili wanaobaki bila kinga ni kama 3 katika 100.

Kuna sababu nyingine ambayo wahudumu wa afya hatupendi kuitaja: kichupa kushikwa vibaya. Chanjo ya surua (yaani ukambi) na rubella huja ikiwa unga mkavu, dozi 10 kwa kichupa, na maji yake ya kuchanganyia kutoka kiwanda kile kile. Maji hayo lazima yawe yamepoa kama chanjo yenyewe, nyuzi 2 hadi 8. Ukimimina maji ya joto la chumba, unaweza kuua virusi vya chanjo kabla ya kumfikia mtoto wa kwanza. Ikishachanganywa ina saa 6 tu, ndani ya baridi na mbali na mwanga. Zikiisha, au kikao kikiisha kabla, inatupwa hata kama imebaki nusu. Kosa la kawaida ni kichupa kilichofunguliwa asubuhi kuachwa mezani karibu na dirisha, foleni ikawa ndefu, na watoto wa alasiri wakachomwa maji matupu.

Mzazi ana haki ya kuuliza, "Sista, hiki kimefunguliwa saa ngapi?" Saa inapaswa kuandikwa kwenye kichupa. Kabla hakijachanganywa pia kina alama ya duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo iko sawa. Mraba ukifanana rangi na duara au ukawa mweusi zaidi, joto limeshaiharibu.

---

tabibu_ngong_road

Nichukue hoja ya pili, kwa sababu naona inajibiwa vibaya. Watu wetu wa afya huogopa kukubali kwamba kinga ya asili ya ukambi ni imara. Ni imara sana. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa visiwa vya Faroe ukambi ulipovamia. Ugonjwa huo ulikuwa haujaonekana huko tangu 1781. Aliwakuta wazee waliougua miaka 65 nyuma, na hakuna hata mmoja wao aliyeugua tena. Mama akisema aliyeugua ukambi haugui mara ya pili, anasema kweli.

Swali la kumrudishia ni hili: nani alithibitisha kwamba ulikuwa ukambi? Upele wenye homa una majina mengi: rubella, roseola, mzio wa dawa, virusi vingine chungu nzima. Ukambi wenyewe huanza na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu siku 2 hadi 4 kabla ya upele, na upele huanzia nyuma ya masikio na usoni ukishuka chini. Mtoto aliyetoka upele tumboni bila kikohozi wala macho mekundu, mimi nina shaka. Uthibitisho ni damu, ichukuliwe ndani ya siku 28 tangu upele uanze. Wengi waliosemwa "ni ukambi" hawakupimwa.

Kisha, sindano yenyewe ina chanjo mbili. Aliyeugua ukambi hajapata kinga yoyote ya rubella. Ugonjwa huo kwa mtoto ni mwepesi, lakini ukimpata mama mwenye mimba changa anaweza kuzaa mtoto kiziwi, mwenye mtoto wa jicho au moyo wenye kasoro. Binti wa leo wa miezi 18 ndiye mama wa kesho kutwa.

Na kumchoma mwenye kinga tayari hakumdhuru. Kinga yake inavizima virusi vya chanjo pale pale, basi.

Kuhusu bei ya kinga ya asili: ukambi hufuta kumbukumbu ya kinga dhidi ya magonjwa mengine. Mwaka 2019 wanasayansi walipima damu za watoto wasiochanjwa kabla na baada ya kuugua, wakakuta wamepoteza kati ya 11% na 73% ya kinga zao dhidi ya virusi na bakteria walizokwisha kukutana nazo. Ndiyo sababu mtoto anapona ukambi, halafu wiki kadhaa baadaye analazwa na nimonia, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Mtoto anayeugua sasa apewe vitamini A siku mbili mfululizo: yuniti 50,000 akiwa chini ya miezi 6, 100,000 wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Ipewe hata kama alipata ya kawaida ya kliniki karibuni. Inaokoa macho na maisha.

---

baba_wa_zimmerman

Daktari, nashukuru umekubali kinga ya asili ipo. Laiti hilo lingesemwa 2021. Uchunguzi wa damu za wachangiaji damu ulionyesha kwamba kufikia Machi 2021, karibu nusu yao nchini walikuwa wameshapatwa na virusi vya korona, na Nairobi zaidi ya nusu. Wakati huo shehena ya kwanza ya chanjo ndiyo kwanza inatua. Novemba mwaka huo tukatangaziwa kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatapata huduma za serikali, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha. Hakuna aliyeulizwa kama alishaugua. Mnashangaa leo mama wa Kayole ana shaka na ukambi?

---

epi_parklands

Sishangai hata kidogo, mzee, na takwimu unazozitaja ni za kweli. Kinga iliyotokana na kuugua korona ilistahili kuhesabiwa. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 65 kutoka nchi 19. Aliyeugua aina za awali za korona alikuwa na kinga ya karibu 89% dhidi ya kuugua vibaya kwa Omicron, aina iliyokuja baadaye, miezi 10 baada ya kuugua. Lakini dhidi ya kuambukizwa tena tu, kinga hiyo ilikuwa imeshuka hadi kama 36%. Chanjo nazo zilifuata mkondo huo huo: kuzuia mafua kuliisha upesi, kuzuia kitanda cha hospitali kukadumu.

Hapo ndipo jibu la hoja ya tatu lilipo. Mwili una ulinzi wa aina mbili. Kuna kingamwili zinazozunguka, ambazo ni askari wa langoni, na hupungua miezi ikipita. Halafu kuna seli za kumbukumbu, ambazo zinakaa miaka mingi lakini zinahitaji siku 3 hadi 5 kuamka na kutengeneza askari wapya.

Sasa linganisha mwendo wa ugonjwa. Kirusi cha ukambi kinachukua takribani wiki mbili tangu kiingie hadi upele utoke. Kumbukumbu inaamka na kumaliza kazi kabla mwenye mwili hajajua. Pia hakibadiliki sura: chanjo inayotumika imetokana na virusi vya miaka ya 1950 na 1960 na bado inazuia vya leo. Omicron inakupa dalili baada ya siku kama 3 na inabadilika kila uchao. Kumbukumbu ikiamka, wewe umeshaanza kukohoa; inafika kwa wakati wa kuokoa mapafu, si pua. Kwa hiyo dozi za korona ziliongezwa kujaza askari wa langoni, na ukambi hauna haja hiyo.

Pepopunda ni kinyume chao wote. Ukipona pepopunda huna kinga, kwa sababu kiasi cha sumu kinachoweza kuua ni kidogo mno kuufundisha mwili. Anayetegemea kinga ya asili huko hana kitu. Mama mjamzito asiyewahi kuchomwa huanza na dozi mbili zikipishana angalau wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Zikitimia tano zinamkinga miaka yote ya uzazi.

Na kuna jambo lisilosemwa mitaani: dozi zikithibitika hazihitajiki, hupunguzwa. Cheti cha homa ya manjano kilikuwa cha miaka 10. Tangu Julai 2016 dozi moja ni ya maisha. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza na dozi tatu, zikawa mbili. Kisha utafiti uliofanywa hapa hapa Thika, Nairobi na Kisumu kwa wasichana 2,275 ukaonyesha dozi moja ilizuia aina mbili hatari zaidi za kirusi kinacholeta saratani hiyo kwa 97.5% baada ya miezi 18, na 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Hata korona: tangu Machi 2023 ushauri wa Shirika hilo ni kwamba dozi za kurudia ziwalenge wazee, wenye magonjwa sugu, wajawazito na wahudumu wa afya. Kijana mzima wa miaka 25 hayumo.

---

mwalimu_dandora

Naomba mnisaidie kwa hesabu. Wazazi wakisikia kwamba ugonjwa umeingia shule na baadhi ya waliougua walichanjwa, mjadala unaishia hapo.

---

epi_parklands

Mwalimu, chora ubaoni shule ya watoto 1,000. Waliopata dozi mbili 950, wasiochanjwa 50. Ukambi unaingia na wote wanakutana nao. Kwa wasiochanjwa wanaugua 9 katika 10, yaani 45. Chanjo inapunguza hatari hiyo kwa 97%, kwa hiyo kwa waliochanjwa wanaugua kama 26. Jumla ni wagonjwa 71, na zaidi ya theluthi yao wamechanjwa! Ukihesabu wagonjwa tu, chanjo inaonekana haina maana. Rudi nyuma uhesabu darasa zima: 45 kati ya 50, dhidi ya 26 kati ya 950. Waambie wazazi wakisikia "waliougua walichanjwa", waulize kwanza waliochanjwa kwa jumla walikuwa wangapi.

---

mhudumu_kayole

Asanteni sana, hili la wale 15 na la rubella nitalisema leo leo. Swali la mwisho: kitabu kilipotea, mtoto ana miaka mitatu, mama hakumbuki. Na wengine walienda kliniki wakaambiwa warudi siku nyingine.

---

sista_wa_chanjo

Mtoto asiye na kumbukumbu anahesabiwa hajachanjwa. Apelekwe, apewe dozi moja, na nyingine baada ya wiki 4 au zaidi. Kama alishapata zamani, dozi ya ziada haimdhuru. Kitabu kipya kiandikwe tarehe zote mbili, na mama akipige picha kwa simu.

Kurudishwa nyumbani hutokea kwa sababu kichupa ni cha dozi 10 na muuguzi anaogopa kuzitupa tisa. Mwelekeo sahihi ni kukifungua hata kwa mtoto mmoja, maana mama aliyepoteza nauli na kibarua cha siku hiyo mara nyingi harudi. Mkiweza, wahudumu, wakusanyeni watoto wanne au watano wa ploti moja mwende siku moja. Hapo hakuna atakayesita.

Mafua au homa ndogo haizuii sindano. Kinachozuia ni mimba, upungufu mkubwa wa kinga mwilini, au mzio mkali uliotokea baada ya dozi iliyopita. Mtoto wa mama mwenye virusi vya UKIMWI huanza mapema, miezi 6, na bado anapata za 9 na 18.

Na mwambie mama kabla hajatoka: homa, pengine na vipele vichache, inaweza kuja kati ya siku ya 5 na ya 12, si usiku ule ule. Asipoambiwa, wiki ijayo utasikia kwamba sindano ndiyo iliyoleta ukambi. Homa hiyo huisha siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au mtoto akikataa kunyonya au akipata degedege, aletwe siku hiyo hiyo.